Jina Ambalo Gloriose Aliliruka

Uvumi ule ulinishika kama unga wa muhogo unavyoshika mikono. Unanawa, unajifuta, kumbe bado umo katikati ya vidole. Niliupata sokoni Kavimvira kwa Ernestine, anayeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, karibu na meza za wabadilishaji pesa. Alikuwa ananifungia ndagala zangu kwenye karatasi, kisha akaniinamia.

"Mama Gloriose, ile kazi mutoto wako iko anafanya pale kwenye sali ya parokia, unaijua?"

Nikamwambia naijua. Wanajifunza mambo ya ordinatere, yaani kompyuta, mle ukumbini.

"Ordinatere ya nini? Wako wanakamata sauti za bantu. Sauti ikishaingia mule, masini inakujua. Inajua kama ulizaliwa bondeni ao milimani. Siku waasi wakishuka, watakuwekea simu mbele ya kinywa pale kwenye bariere, wanapozuia njia. Utasema neno moja, masini itawaambia weye ni nani."

Nilicheka, nikamwambia aniongezee ndagala badala ya maneno. Lakini nilipofika nyumbani Mulongwe niligundua kwamba nilikuwa nimesahau chumvi, na chumvi ndiyo iliyonipeleka sokoni.

Mama yangu aliolewa mwaka wa uhuru. Miaka minne baadaye, wakati wa uasi ule wa kwanza, alisimamishwa njiani na watu waliotaka kusikia tu jinsi anavyosalimia. Yeye alitikisa kichwa kama bubu, akapita. Mdogo wake, aliyekuwa amebeba kapu nyuma yake, alisalimia, na hakupita. Sisi watoto tulilelewa na amri moja: mbele ya mtu usiyemjua, tikisa kichwa, usiseme. Amri hiyo ilimponya mama yangu, na ninamshukuru Mungu kwa hilo, maana bila hiyo nisingezaliwa. Lakini amri hiyo hiyo nusura inipotezee mtoto wangu, na ndiyo sababu nimekaa chini kuandika, mimi niliyeishia darasa la sita.

Gloriose ni wangu wa pekee. Baba yake, Eugène, alifariki mtoto angali mdogo. Gloriose alipomaliza masomo alikaa miaka miwili nyumbani bila kazi, akipepeta unga na mimi, mpaka alipofika Uvira mwalimu mmoja kutoka Bujumbura aitwaye Placide. Mwalimu huyo alitafuta vijana wanane wa kuwafundisha namna masini inavyoweza kusikia Kiswahili chetu cha Uvira na kukiandika. Alitaka mama asiyejua kusoma aweze kuuliza habari za homa ya mtoto wake ao kipindupindu kwa kinywa chake mwenyewe, kwenye simu, na ajibiwe.

Nitasema kwa haki: mtoto wangu alichanua. Siku moja tulikuwa tunachambua maharage, akaanza kunifundisha.

"Mama, sauti ni mawimbi. Sisi tunaikata vipande vidogo sana, mia katika sekunde moja. Kila kipande masini inakipima: kimepanda kiasi gani, kimeshuka kiasi gani. Kisha inajiuliza, kipande hiki kinafanana na nini katika vile nilivyofundishwa?"

"Nani aliifundisha?"

"Sisi. Mmoja anasoma, mwingine anaandika alichosikia, wa tatu anasikiliza tena kuona kama wa pili hakukosea."

"Basi ni mtoto wa darasa la kwanza."

"Ndiyo. Mtoto asiyechoka, na asiye na akili hata kidogo. Ukimsikilizisha wanaume wa ofisini tu, siku mama wa Rurambo, kule milimani, akimsemesha atakaa kama jiwe." Akasukuma fungu la maharage upande wake. "Na haya tunayaficha. Sauti za namna hii masini haizisikii kabisa mpaka siku ya mtihani. Ukiipa mtihani wa maswali iliyokwisha kuyaona, itapata yote, na utakuwa umejidanganya mwenyewe."

Nilimwangalia akisema hayo, macho yamejaa mwanga. Nikajua kwamba macho yale hayakujazwa na maharage; kulikuwa na mtu.

Sikungoja siku nyingi. Wiki hiyo hiyo kijana mmoja alipiga hodi, akavua viatu mlangoni ingawa sakafu yetu ni ya udongo, akabaki amesimama mpaka nilipomwonyesha kiti. Alikuwa na simu ya kazi mkononi na kaske ya masikio, ile ya kusikilizia, shingoni. Gloriose alikuwa jikoni, na jiko letu linatazamana na sebule. Alikamata kifuniko cha chungu, akakitazama kama mtu anayesoma barua. Nimemlea mimi huyu. Akitazama sana kifuniko, ujue mtu ambaye hamtazami ndiye anayemwona.

"Mama, nimekuja kuomba sauti yako," kijana akasema.

"Sauti yangu ni ya kuita kuku."

"Masini yetu haijasikia bado mtu anayeita kuku. Kwa sasa iko na watu wa ofisi tu, na wale hawana kuku."

Kutoka jikoni kilisikika kicheko kilichokabwa na mkono. Mimi sikucheka. Niliuliza lile swali ambalo mama huuliza: yeye ni mtoto wa nani.

"Minye naitwa Azarias. Mutoto wa Rugema, wa Rurambo."

Sisi ni Wafuliiru wa bondeni, Wakatoliki toka kwa babu. Yeye ni mtu wa juu, wa watu wafugao ng'ombe, wa kanisa la Kiprotestanti. Nilimpa chai. Sauti sikumpa. Alishukuru kwa chai kwa mikono miwili, akavaa viatu vyake nje, na Gloriose akakumbuka ghafla kwamba kuna maji ya kumwaga uani.

Jumapili baada ya misa alikuja Félicien, mdogo wa marehemu mume wangu, kwa kuwa maneno yalikuwa yamemfikia. Alisema kijana si mbaya, anasalimia vizuri, lakini ukoo una masikio. Kisha akamgeukia Gloriose na kumuuliza kama ni kweli anataka kwenda kukamua ng'ombe na diplome yake. Gloriose akamjibu kwa heshima zote kwamba maziwa ya ng'ombe hao baba mdogo huyanywa kila asubuhi na hajawahi kulalamika. Félicien alikohoa, akaomba maji.

Maziwa hayo yaliletwa na Murekatete. Huyu lazima nimtaje, maana bila yeye habari hii ingeishia vibaya. Yeye pia ni mtu wa Rurambo, ameolewa huku chini, na kwa miaka kumi aliniletea maziwa mlangoni. Mwaka mmoja nilimsindikiza ofisini kutafuta karatasi za watoto wake. Karani akamuuliza jina la baba mkwe. Murekatete akanyamaza. Karani akauliza tena, akagonga meza kwa kalamu, foleni nyuma yetu ikaanza kunung'unika, naye amesimama tu, jasho linamtoka, macho chini. Nikadhani amepatwa na kitu. Kisha akaninong'oneza nimsemee. Kwao mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba wa mume wake. Si kwamba amekatazwa kwa fimbo. Ni heshima, na ikishakaa ndani yake, kinywa chenyewe kinakataa. Nikalitaja mimi, karani akaandika, na tulipotoka nje tukacheka mpaka tukashika ukuta. Gloriose alikuwa nasi siku hiyo. Alikuwa na miaka kumi na mitano.

Mwezi wa pili Bukavu ikaanguka mikononi mwa waasi. Barabara ya bonde ikajaa watu na magodoro, na mjini kwetu risasi zikaanza kusikika mchana. Mtandao ukakatika. Sauti ambazo Gloriose na Azarias walikuwa wamezikusanya katika avenii zetu, mtaa kwa mtaa, saa arobaini na moja za watu wakisoma na kuongea, zilikuwa bado ndani ya simu ile moja ya kazi, zikingoja mtandao urudi zipelekwe. Simu ilikuwa imeandikishwa kwa sahihi ya Azarias. Lakini siku ile Gloriose ndiye aliyeileta nyumbani, imejaa chaji kutoka sola ya jirani, akaiweka juu ya meza, akaenda kutafuta kuni.

Nilisimama mbele ya simu ile kama nimesimama mbele ya nyoka. Nikasikia maneno ya Ernestine. Nikamwona mama yangu, na kapu njiani bila mwenyewe. Nikaichukua, nikaisukuma ndani ya gunia la unga wa muhogo, mkono mpaka kwenye kiwiko. Nikanawa.

Gloriose aliporudi, alitafuta juu ya meza, chini ya meza, kitandani. Akaniuliza nani amekuja.

"Azarias alipita," nikasema.

Na ni kweli alikuwa amepita. Alisimama njiani saa sita, akanisalimia, akaendelea na safari yake. Nilisema neno la kweli, nikalituma kufanya kazi ya uongo. Mpaka leo, nikipiga magoti, ndilo ninaloanza nalo.

Siku tatu zilitosha kumchafulia kijana jina. Azarias alisema hakuiona. Wenzao wa sali wakasema, inawezekanaje isionekane? Kisha mmoja wao akasema lile ambalo wengine walikuwa wakilifikiri: kijana wa milimani, sauti za watu wa bondeni, na waasi wanashuka, kwani tufundishwe kuhesabu? Katika siku zile, maneno kama hayo yakianza kutembea kwenye kartie, mitaani kwetu, hayakungoja ushahidi. Niliyasikia kisimani. Nikajaza bidoni yangu, nikarudi nyumbani, na mdomo wangu haukufunguka.

Siku ya tatu Azarias alikuja kuaga. Safari hii hakuvua viatu, kwa sababu hakuingia.

"Kesho asubuhi ninavuka mpaka wa Kavimvira," akasema. "Placide pia anarudi kwao. Masomo yamefungwa."

Gloriose alikuwa amesimama kwenye kizingiti, mikono nyuma. "Azarias, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Iko wapi?"

"Umeniuliza jana na juzi."

"Na hukunijibu vizuri."

"Nilikujibu sina. Ulitaka nikujibu kwa lugha gani? Weye unajua kazi yetu. Tukisikiliza sauti mara tatu, ni kwa sababu hatukuisikia vizuri ao kwa sababu hatumwamini aliyeiandika. Weye ulinisikia vizuri."

"Mama alisema ulipita."

Aliniangalia juu ya bega la mwanangu. Nilikuwa nimekaa karibu na jiko, ninapuliza moto uliokuwa unawaka vizuri bila kupulizwa. Aliniangalia kwa muda, si kwa hasira. Nadhani alijua. Nadhani alijua tangu dakika ile, na akachagua kunyamaza, kwa kuwa mkwe hamwaibishi mama mbele ya mtoto wake, hata mkwe ambaye hajapewa bado.

"Ndiyo," akasema. "Nilipita."

Akavua kaske shingoni, akaiweka kwenye mikono ya Gloriose. "Na hii ni ya kazi. Wasije wakasema nimeiba mpaka masikio."

Aliondoka. Gloriose alibaki ameshika vile vitu viwili vya kusikilizia, havikuunganishwa na kitu chochote, na akaviweka masikioni. Nikamwacha hivyo.

Asubuhi alikwenda kuchota maji kabla ya jua kupata nguvu. Mimi nikafungua gunia nichote unga, na kijiko kikagonga simu. Nilikuwa nimekwisha kuamua: shimo la choo, na mambo yaishe. Lakini kidole changu kiligusa kioo, kioo kikawaka, na mbele yangu kukawa na safu za alama ndogo za pembetatu. Gloriose alikuwa amenionyesha zamani: pembetatu ni kusikiliza. Nikaigusa moja.

Ilikuwa sauti ya Ernestine. Ernestine huyo huyo wa ndagala, anasoma taratibu kama mtoto, "Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kulisha mtoto," kisha anacheka na kuuliza kama anaweza kurudia kwa sauti nzuri zaidi. Amekwisha kutoa sauti yake mwenyewe, akaja kuniuzia woga pamoja na samaki. Nikagusa nyingine. Mzee wa avenii ya pili. Fundi wa baiskeli. Watu wangu wote walikuwa mle, kila mmoja na namba tu, hakuna jina.

Kisha nikasikia mwanangu. Alikuwa anasoma orodha ya majina ya watu, ya bondeni na ya milimani pamoja, ili masini ijifunze kuita wagonjwa. Alisoma Nyirahabimana, akasoma Ndihokubwayo, Mukakalisa, Ntawukuriryayo, bila kujikwaa. Akafika mahali, akasita, akaendelea na jina lililofuata. Ikasikika sauti ya Azarias.

"Umeruka moja."

"Najua."

"Ni mara ya tatu, Gloriose. Placide atasema orodha iko na tundu."

"Basi lisome weye."

"Yangu iko. Inatakiwa sauti ya mwanamke. Na ni jina jepesi, ni la baba yangu."

"Ndiyo maana siwezi."

Kuku mmoja aliita, na nikamtambua: ni kuku wangu. Walikuwa wamekaa nyuma ya nyumba yangu.

"Nani alikufundisha hayo?" Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nilimwona Mama Murekatete, zamani. Hakuna aliyenifundisha. Niliamka Jumapili moja, jina halikutoka tena mdomoni. Usicheke."

"Sicheki."

"Unacheka."

"Sicheki, Gloriose. Natafuta pa kuweka mikono yangu." Kuku akaita tena. "Na mama yako?"

"Mama anaogopa. Lakini weye humjui. Siku akijua ukweli, yeye ndiye atakuwa wa kwanza kukutetea."

Ikaishia hapo. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye unga. Mtoto wangu alikuwa amekwisha kuolewa ndani ya kinywa chake, bila ng'ombe, bila padri, bila mchungaji. Na alikuwa ameniwekea dhamana mbele ya kijana yule, mimi niliyekuwa nimekaa juu ya simu yake.

Nilikimbia mpaka kisimani na kanga moja. Wanawake walikuwa wengi. Nilitaka kumvuta Gloriose pembeni, kisha nikakumbuka kwamba maneno mabaya juu ya Azarias yalisemwa pale pale, mbele ya bidoni zile zile, na mimi nikayasikia na kunyamaza. Basi nikasema pale pale. Nikamwonyesha simu.

Gloriose aliweka bidoni chini. Hakunitukana. Ningeshukuru kama angenitukana. Alifuta unga kwenye shavu langu kwa ncha ya kitenge chake na kusema, "Mama, Kavimvira wanafungua mpaka saa ngapi?"

Mwenye moto, dereva wa pikipiki, aliyetubeba sote wawili sikumjua na simjui mpaka leo. Alipita katikati ya mikokoteni na magodoro, akatuteremsha karibu kabisa na foleni, akaondoka na sala yangu mgongoni. Azarias alikuwa mbele, begi moja tu. Nyuma yake alisimama Placide, na vijana wawili wa sali, na Murekatete mwenye ndoo ya maziwa tupu kichwani na watoto wanne wakimshika nguo.

Sikujua nianzie wapi, nikaanza kwa sauti ya kuita kuku.

"Mwalimu Placide. Simu ni hii. Aliyeichukua ni minye, Anne, mama ya Gloriose. Niliificha kwenye unga. Huyu kijana hakuigusa, na yeyote aliyesema aliigusa anisikilize vizuri, maana sitarudia mara tatu."

Mmoja wa vijana wa sali akatazama viatu vyake. Watu wa foleni waligeuka. Azarias alipokea simu, nyeupe kama muhogo, akaipuliza pande zote mbili taratibu.

"Mama," akasema, "ulitaka kuipika?"

Kicheko kilitoka kwa Murekatete kwanza, kisha foleni nzima ikacheka, watu ambao hawakuwa na la kucheka asubuhi ile. Mimi nikalia. Nikamweleza juu ya Ernestine, juu ya mama yangu, juu ya kapu njiani. Hakunikatiza.

"Nyumbani kwetu pia kuna mtu ambaye hakupita," akasema nilipomaliza. "Sitakudanganya, Mama. Ziko masini zinazofundishwa kumjua mtu kwa sauti. Hii yetu tunaifundisha kujua anachosema tu. Ndiyo maana tuliondoa majina, na kila mtu alitia sahihi, na akitaka kurudi kusema futeni, tunafuta. Swali lako ni swali zuri. Ungeniuliza siku ile ya chai ningekujibu."

"Siku ile ya chai nilikuuliza mtoto wa nani. Nikadhani hapo nimemaliza mtihani."

"Na jibu ulikuwa nalo kabla sijafika," akasema, bila uchungu.

Gloriose alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, kaske ile mkononi. Akamnyooshea. "Nilikuuliza mara tatu," akasema. "Nilipaswa kukusikia mara ya kwanza. Nisamehe."

Azarias aliichukua, lakini hakuchukua kaske tu. Alichukua na vidole vilivyoishika, mbele yangu, mbele ya Murekatete, mbele ya serikali mbili. Mimi nikatazama kifuniko ambacho hakikuwapo.

Placide ndiye aliyetuzindua. Foleni ilikuwa inasogea. Akasema anashukuru simu imerudi, ataivusha na sauti zitapelekwa kesho. Tatizo ni ile orodha ya majina kwa sauti ya mwanamke, bado ina tundu moja, na hajui ni kwa nini kila mara ni jina lile lile. Gloriose akatazama chini. Azarias akatazama ziwa. Murekatete akaniangalia mimi, akaniangalia sana, na nikajua kwamba yeye alikwisha kuelewa yote.

"Nionyeshe pa kuongelea," nikamwambia Placide.

"Mama atakubali kutoa sauti?"

"Mtoto wangu hawezi kulitaja. Mimi naweza."

Alinisomea kwanza yale maneno ya ruhusa: sauti itakwenda wapi, nani ataisikia, nikitaka kuifuta nimpigie nani. Nikauliza maswali yangu, matatu, na alinijibu yote. Nikatia sahihi yangu ya darasa la sita. Kisha akaniwekea simu mbele ya kinywa, pale pale mpakani, kama Ernestine alivyotabiri.

"Rugema," nikasema.

Akaniomba mara ya pili. "Rugema." Na ya tatu, kwa sauti yangu ya kawaida, kama mtu anayemwita jirani kupitia ua. "Rugema."

Gloriose alikuwa amefunika uso kwa kitenge. Murekatete akapiga kigelegele kimoja kifupi, cha mtu mwenye ndoo kichwani, na watoto wake wakamshangaa. Kwa maana hakukuwa na wazee, wala kinywaji, wala mkeka, lakini wote waliojua walijua: mama wa msichana amelitaja jina la nyumba ile mbele ya watu, na kulitaja ni kukubali. Azarias alivua viatu. Alivua viatu vyake pale kwenye vumbi la Kavimvira, akanishukuru kwa mikono miwili. Kisha akavivaa, akavuka.

Mwezi wa saba baba yake Azarias alifika kwa shangazi yao Bujumbura pamoja na wazee wawili kuposa, nasi tukavuka kuwapokea, Félicien mbele na koti lake la misa. Ndiye aliyesifu maziwa kuliko wote. Masini, wananiambia, sasa inayasikia majina yote ya orodha ile, na inaandika vizuri hata kuku wangu wakipiga kelele nyuma.

Ninamshukuru Mungu. Ninamshukuru Murekatete aliyenyamaza ofisini, na kijana aliyenyamaza mlangoni kwangu. Namshukuru hata Ernestine, ambaye bado ananipunja ndagala. Na kwa kuwa sauti yangu sasa imekwisha kutoka, sioni sababu ya kuficha kalamu. Mama mwenzangu, mwenye binti na mwenye hofu, haya ndiyo ya kuepuka:

Usinunue habari za masini kwa mtu anayekufungia samaki.

Usitoe sauti yako, wala usimkataze mtoto kutoa yake, kabla ya kuuliza inakwenda wapi, nani ataisikia, na nani ataifuta.

Usifiche kitu ambacho mtu mwingine amekitilia sahihi.

Usiseme neno la kweli kwa nia ya uongo.

Usimpe kijana mtihani ambao majibu yake unayo tayari.

Usinyamaze kisimani mtu asiyekuwapo akisemwa.

Usingoje mpaka foleni ya mpakani.

Na usichoke kulitaja jina la baba mkwe wa mtoto wako. Yeye hawezi.